Gari Yako Haihitaji Bafu, Inahitaji Kuoga

Kila wiki lazima nipate ujumbe kama huu: "Buda, kupiga V8 bafu ni ngapi?" Hakuna salamu, hakuna picha ya gari, hakuna chochote. Nami hujibu kwa swali moja tu: mara ya mwisho ilipigwa bafu lini, na nani? Wengi huishia hapo. Kuna mmoja aliniambia niko na maringo na hata banda sina. Ni kweli, banda sina. Niko na turubai, mashine mbili, ndoo mbili na simu ya kurekodi video. Lakini lile swali si maringo, na leo naliandika hapa mara moja kwa wote kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili kama unataka kunitusi kwenye maoni uanze sasa hivi. Gari nyingi kubwa zinazopigwa bafu hapa Eldy hazikuhitaji bafu. Zilihitaji kuoshwa na mtu anayejua kuosha. Na sisi vijana tunaoshika mashine, wengi wetu tunamkwangua mteja rangi yake, tunamrudishia gari iking'aa, alafu tunamwomba pesa juu yake.

Hilo neno lenyewe ndilo limetuponza. Bafu, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni mahali pa kuogea. Kwa hivyo mtu akisikia gari inapigwa bafu, akili inamwambia ni kuoga, ila kuoga kwa kitajiri. Anafikiri kuna kitu kinaongezwa. Mafuta fulani, mng'aro fulani unaotoka kwa chupa. Kumbe bafu ya mashine ni kazi ya seremala na randa. Meza ikiwa na mikwaruzo, seremala hajazi mikwaruzo, anashusha uso wa mbao mpaka ufike chini ya mikwaruzo. Meza inatoka laini, na inatoka nyembamba.

Sasa tofauti ni kwamba mbao ya meza ni nene. Toa karatasi moja kwenye daftari uishike kwa vidole viwili. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa kama mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia, ile safu ya juu kabisa isiyo na rangi, kwenye gari nyingi za kiwandani ina kama mikroni 40 hadi 50. Chini yake kuna rangi, chini ya rangi kuna praima, chini ya praima ni bati. Kwa hivyo kinachosimama kati ya jua na rangi ya gari ya mamilioni ni nusu ya karatasi. Ukipiga katingi ya nguvu na padi ya sufi, mara moja tu, unaweza kuondoka na mikroni tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Na jua letu si la mchezo. Watu wanadhani kwa sababu Eldoret kuna baridi, jua halina makali. Tuko karibu kabisa na ikweta na tuko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 ile miale inayochoma rangi huongezeka kwa kama asilimia 10. Iten wako juu kutuliko. Baridi unayoisikia asubuhi haisaidii rangi ya gari hata kidogo. Ndio maana ukiona gari imeanza kuchubuka kama mtu aliyebabuka, inaanzia paa na boneti, zile sehemu zinazotazama juu siku nzima.

Sasa niwaambie nilijifunza wapi, kwa sababu kwenye video zangu za mwanzo sikusema.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sitaki huruma. Ada ilinishinda, lakini pia nilikuwa nimeacha kuingia darasani kitambo kabla ada haijanishinda, na hiyo sehemu ya pili huwa siitaji nyumbani. Nikaenda kuosha magari kwenye eneo moja karibu na mto Sosiani. Hapo kulikuwa na jamaa mwenye rotari ya zamani, na kila gari kubwa ikiingia, yeye ndiye aliitwa. Sisi wengine tulibaki na ndoo. Nilimtazama miezi mitatu. Alipopata kazi Nakuru, aliniuzia ile mashine kwa 6,500. Wiki hiyo hiyo nikafungua akaunti, nikajiita mtaalamu. Hakuna aliyeniuliza cheti. Si ni kuzungusha tu?

Mteja wangu wa nne alikuwa mzee mmoja mkulima wa mahindi kutoka upande wa Moiben. Prado nyeusi. Binti yake alikuwa na koito Jumamosi. Kama wewe si wa huku, koito ni siku wageni wa upande wa kijana wanapofika kwa kina msichana kuposa na kupatana mahari, na siku hizi uwanja wa boma hugeuka maonyesho ya Land Cruiser. Kila mjomba analeta yake. Mzee hakutaka yake ionekane imechoka mbele ya wakwe. Ninamwelewa. Alinipa 3,000 na soda.

Nilianza na milango, ikatoka safi, nikarekodi ile nusu kwa nusu mnayoipenda, tepu katikati, upande mmoja ukungu, upande mwingine kioo. Nikahamia boneti. Boneti ya Prado ina mistari iliyoinuka, si tambarare kama meza. Nilikuwa kwenye mmoja wa hiyo mistari, padi ya sufi, mashine nimeipandisha kasi kwa sababu saa zilikuwa zimeenda, simu iko kwenye stendi. Nikaitupia simu jicho nione kama fremu iko sawa. Sekunde tatu, labda nne. Niliporudi, kulikuwa na doa la kijivu juu ya ule mstari, kama ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Nikadhani ni polishi imekauka. Nikapangusa. Nikapangusa tena na maji. Lile doa lilikuwa praima.

Manze, sijawahi kusikia kimya kama kile. Mashine nimeizima, mto uko pale unapita, na mimi napangusa kitu ambacho hakipanguziki.

Mzee alikuja taratibu, akainama, akagusa na kidole. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kijana, hii inaota tena?"

Nikamwambia, "Hapana mzee. Haioti."

Akasema sawa. Akachukua kofia yake juu ya kiti, akaondoka na gari. Baadaye niliambiwa kwenye koito aliiegesha boneti ikitazama ua wa kayaba, mkia ndio ukawa kwa wageni.

Kitu kinachoniuma zaidi ya ile boneti ni kwamba ile video niliiposti. Niliikata sekunde chache kabla ya doa. Milango inang'aa, muziki chini, maneno ya kujisifu juu. Ilitazamwa zaidi ya mara elfu tisini, ndiyo iliyonipa wafuasi wa kwanza wa maana, na nusu ya wateja walionijia mwaka huo walikuja kwa sababu ya kazi niliyoiharibu. Nimeiondoa sasa. Lakini niliiacha miezi saba, na miezi hiyo saba nilikuwa naila.

Boneti nililipa. Fundi wa rangi alitaka 15,000, nikauza taa yangu ya kurekodia na subwufa, zilizobaki nikalipa kwa awamu nne. Huyo fundi wa rangi ndiye alinifungua macho. Ana kile kipimo kidogo cha unene wa rangi, unakigusisha kwenye bati kinasoma namba. Alipima mlango wa Prado: 118. Akapima boneti, pembeni kidogo ya doa langu: 74. Akaniuliza kama nilipiga mara ngapi. Nikamwambia ni mara moja tu. Akacheka, akampigia mzee simu. Mzee akasema, bila wasiwasi wowote, kwamba kila Krismasi huipeleka gari ipigwe bafu kabla watoto wake hawajafika kutoka Nairobi. Krismasi tano. Kila mara boneti, kwa sababu boneti ndiyo inayoonekana. Pengine watu watano, kila mmoja amechukua kidogo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mzee kwamba kuna kitu kinapungua. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Ndio maana huwa nauliza mara ya mwisho ilikuwa lini, na nani. Siulizi ili nijue mpinzani wangu.

Kile kipimo nilinunua changu. Si kitu cha ajabu, na hakimalizi maneno yote, kwa sababu kinasoma unene wote kwa pamoja, praima, rangi na klia, hakikutenganishii. Na kwenye bampa ya plastiki hakisomi kitu. Lakini kinakupa picha. Toyota ambayo rangi yake bado ni ya kiwandani huwa naikuta kati ya 90 na 130 hivi. Ukikuta 250, hapo palipakwa upya. Ukikuta 600, chini kuna fila, na mwenye gari pengine hajui alinunua gari iliyogongwa. Na usisahau sheria ya Kenya inaruhusu gari ya kuagizwa ya hadi miaka 8, kwa hivyo ile Land Cruiser inayoshuka Mombasa ikiitwa mpya tayari imeshaishi maisha yake huko Japani, imeoshwa mara mia, na mara nyingi imepigwa mashine kabla ya mnada ili ivutie. Unaanza ukihesabu kutoka katikati.

Kitu kingine ni namba ya rangi. Fungua mlango wa dereva wa Toyota nyingi, tafuta kile kibati chenye maandishi, utaona namba ya rangi. Zile Land Cruiser nyeupe pee, za mashirika, za shule, za serikali, nyingi ni 040. Hiyo nyeupe mara nyingi haina klia kabisa, ni rangi peke yake mpaka juu. Ukipiga mashine, padi yako inageuka nyeupe kama umepaka chokaa. Mara ya kwanza iliponitokea nilikaribia kulia, nikajua nimeua gari ya pili. Kumbe ni kawaida yake. Ila bado ni ukumbusho mzuri: ule weupe kwenye padi ni gari ya mtu. Kwenye gari yenye klia unaondoa kiasi kile kile, ila huoni kwa sababu klia haina rangi. Ningependa klia ingekuwa ya bluu, tungeheshimiana.

Alafu kuna nyeusi 202. Ukiona kibati kimeandikwa 202, ongeza bei au kimbia. Ni laini hivi kwamba hata kitambaa safi ukikikandamiza kinaacha alama.

Sasa mashine. Kuna rotari, inayozunguka sehemu moja kama gurudumu, na kuna DA, inayozunguka huku ikiyumba, kwa hivyo joto halikai mahali pamoja. Anayeanza aanze na DA. Ni polepole, utachoka, utaboeka, lakini ni vigumu kuunguza rangi kwa kuangalia simu sekunde nne. Rotari ina kazi yake kwenye mikono inayoijua. Shida yangu kubwa ni grainda. Wasee, grainda ile ya kukata chuma, mtu ameifunga sponji kwa gundi. Nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Rotari ya kupolishi inatembea kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Grainda ndogo ya kawaida inaenda kama 11,000. Hiyo si bafu, hiyo ni jiko. Ukimkuta mtu anaishika karibu na gari ya baba yako, mwambie baba aondoe gari, mtaongea baadaye.

Na kingo. Kwenye kingo na kwenye mistari iliyoinuka rangi huwa nyembamba kuliko katikati, tangu kiwandani, na padi pia inakandamiza hapo zaidi kwa sababu inagusa sehemu ndogo. Ndio maana mafundi wanaojiheshimu hufunika kingo kwa tepu. Si urembo wa video. Baada ya ile Prado nilinunua boneti mbovu kwa wauza vyuma chakavu na kuiunguza makusudi, nikihesabu sekunde kwa sauti. Katikati ilivumilia muda mrefu mpaka nikachoka kuhesabu. Kwenye kingo sikufika kumi. Kama unataka kuingia hii kazi, nunua boneti yako ya kuua. Ni bei rahisi kuliko ya mzee wa watu.

Lakini nilisema gari zinahitaji kuoga, nirudi hapo.

Ile mikwaruzo midogo ya duara unayoiona jua likipiga, kama utando wa buibui, haikutoka porini. Imetoka kwa kuoshwa. Gari imeshuka Iten, Tambach, mpaka bondeni Kerio kuchukua maembe, imerudi na vumbi jekundu limeganda kila mahali. Vumbi hilo ni mchanga, na mchanga ni msasa. Sasa anakuja kijana mwenye haraka, kwa sababu analipwa kwa gari na si kwa saa, anachovya kitambaa kwenye ndoo moja ambayo imeosha magari sita asubuhi hiyo, anaanza kusugua kabla hata vumbi halijalainika. Kitambaa kikianguka chini anakiokota. Kile kilichofuta magurudumu ndicho kinachofuta boneti. Nilifanya hivyo mwaka mzima, simlaumu mtu. Na pale tulipokuwa tulitumia maji ya mto, ambayo msimu wa mvua ni chai ya maziwa.

Kwa hivyo angalia mzunguko wenyewe: tunaikwaruza kwa kuiosha vibaya, alafu tunaichuna ili kuondoa mikwaruzo, alafu wiki ijayo tunaiosha vile vile. Kila mzunguko karatasi inapungua. Na mwenye gari analipa pande zote mbili.

Kuosha kwenyewe si siri. Maji mengi kwanza bila kugusa, mpaka tope lote linalotaka kutoka litoke lenyewe. Povu, liache likae dakika tano, lakini si juani likaukie hapo. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu, ili mchanga usirudi kwenye gari. Anza juu, malizia chini, magurudumu yawe na vitambaa vyake ambavyo havipandi juu hata siku ya mwisho wa dunia. Sabuni ya unga iachie nguo. Kama rangi ukipitisha mkono bado inakwaruza kama ngozi ya kuku, kuna ule udongo wa kunyonya uchafu, unaupitisha na maji ya kuteleza. Halafu nta. Gari nyingi zikifika hapo, mwenyewe anaitazama na kusema basi, imetosha. Mashine haijatoka hata kwenye begi.

Kama bado kuna mikwaruzo, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, huo ni wa kina, na kuuondoa kwa mashine ni kutoboa. Ishi nao ama upake rangi hapo. Miiba ya migunga ya Kerio inaacha ile mistari mirefu ubavuni, na nusu yake inapungua kidogo ukipiga taratibu, na nusu ni ya kudumu. Fundi anayekuahidi yote itaisha anakudanganya, au anakuwekea polishi yenye kujazia. Hizo zipo. Zinajaza mikwaruzo, gari inatoka kama imetoka kiwandani, na baada ya kuoshwa mara tatu mikwaruzo inarudi kukusalimia. Mwambie apanguse kwa spiriti mbele yako kabla hujalipa.

Tuje kwa pesa, hapa ndipo mtanichukia. Mimi huchukua 14,000 kwa gari ya ukubwa wa Land Cruiser V8 inayohitaji mashine kweli, na huwa naambiwa kuna mtu anafanya kwa 2,500 kwa saa mbili. Sawa. Gari hiyo ina urefu wa karibu mita 5. Mimi hufanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwa wakati mmoja, na gari nzima inanitokea kama vipande 55. Kila kipande, nikienda taratibu na kupangusa na kuangalia kwa tochi, ni dakika tano. Hiyo ni saa nne na nusu, hatua ya kwanza pekee. Hatua ya pili ni saa nne nyingine. Kabla ya hapo kuna kuosha, udongo, kupima, tepu. Na paa, ambalo hakuna mtu hulitazama na ndilo linalochomeka zaidi, unapanda ngazi. Hapo sijataja mvua ya saa tisa, wala stima ikipotea. Ni siku mbili. Sasa yule wa saa mbili amefanyaje? Ama amepaka mafuta juu ya uchafu, ama amepita na sufi kwa kasi kama anafukuzwa. Hizo elfu kumi na kitu ulizookoa zimetoka kwenye klia.

Na hapa naongea na nyinyi wenzangu kuliko wenye gari. Tukikubali 2,500 tunakubali kwamba hii si kazi, ni kusugua tu. Alafu tunalia kwamba hakuna mtu anaheshimu fundi asiye na digrii. Ataheshimu aje, na wewe mwenyewe bei yako inasema hujui unachoondoa?

Najua kuna wenye maoni mengine. Baada ya Juni 2024 kuna mtu aliandika chini ya video yangu kwamba nang'arisha V8 za wanaotuibia. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimetoka barabarani na macho bado yanawasha. Lakini nimefikiria. Wateja wangu wengi ni wakulima, wakimbiaji waliorudi na zawadi ya mbio moja nzuri, walimu wakuu, mama mmoja mwenye duka la pembejeo. Wale wengine wakubwa wana watu wao. Akija mmoja nitamtoza mara mbili na nitalala vizuri.

Na kuna wale wa gari ya porini ibaki na makovu yake. Na hao, kusema ukweli, ndio karibu nakubaliana nao. Ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo Toyota wanaitoa tangu 1984 bila kubadilisha sura sana, ukiiona imebeba mitungi ya maziwa kutoka Kesses na wewe unaiwazia kioo, wewe ndio unahitaji msaada. Ioshe tope la chini lisiozeshe bati, paka nta paa, iache ifanye kazi. Mkwaruzo si ugonjwa. Ninachokataa ni kuuficha mkwaruzo kwa kumla gari.

Mji wetu ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na tangu hapo naona kila kona kuna bango jipya la kung'arisha magari. Nzuri, kazi ipo. Siku ile ukimuona kijana kwenye bango lake, muulize ana kipimo. Kama hana, muulize kama ameshaunguza gari. Akisema hajawahi, mimi singemwachia ufunguo.

Mzee wa Moiben alirudi mwaka huu, mwisho wa Novemba, baada ya mavuno. Sikumtarajia. Alishuka na ile Prado, boneti mpya nyeusi kidogo kuliko fenda zake ukiangalia kwa pembe, akasema, "Kijana, Krismasi inakaribia. Nipigie bafu."

Nikatoa kipimo. Tukazunguka gari pamoja, mimi nikisoma, yeye akiandika namba kwenye pakiti ya mbegu kwa kalamu. Fenda ya kulia, 81. Ya kushoto, 84. Paa, 97. Milango bado ilikuwa zaidi ya mia. Nikamwambia, mzee, hizi fenda sizigusi. Akauliza kwa nini na mimi ndiye mwenye mashine. Nikamwonyesha karatasi, nikaikunja nusu. Aliitazama muda mrefu. Akauliza kuoga ni ngapi.

Nikamwambia 800. Akageuza ndoo akaikalia, akaniangalia mpaka mwisho, kama saa mbili hivi, na hakuzungumza ila mara moja, niliposhika kitambaa cha magurudumu nikiwa karibu na mlango: "Hicho si cha chini?" Kilikuwa cha chini. Nikakirudisha.

Kuna mstari mmoja mrefu kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mwiba wa Kerio, ukucha unakwama. Ameniambia niuache, ni wa siku alipoenda kuleta mbuzi wa koito.